Majani ya Chini au ya Juu? Kulisha Mimea ndani ya Tangi la Samaki

Mwanangu wa kwanza ana miaka 7. Mpaka mwaka juzi, mazungumzo yake ya simu na bibi yake aliyeko Mbozi yalikuwa yanaisha kabla hayajaanza. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" "Sijambo." Kisha kimya, kisha simu inarudishwa kwangu. Msomaji uliyelea mtoto ughaibuni unakijua kimya hicho. Hapa kwetu Don Mills, Toronto, kilichokuja kukivunja ni jani lililooza ndani ya tangi la samaki.

Tangi lenyewe tulilinunua kwa bei ndogo kutoka kwa jirani aliyekuwa anahama jengo. Mtoto alitaka mbwa, mkataba wa nyumba ukakataa mbwa, tukakutana katikati kwa samaki. Ni tangi la galoni 20, yaani kama lita 75, linalokaa ukutani sebuleni mbali na dirisha. Tulilianza mwezi Desemba, wakati jua la Toronto linaonekana kwa saa 9 tu na mtu wa zamu ya usiku anaweza kumaliza wiki bila kuliona. Nilitaka kitu cha kijani ndani ya nyumba. Kwa hiyo pamoja na samaki 10 nikanunua mimea hai badala ya ile ya plastiki: vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, ambayo jamii yake inaota hata Ziwa Tanganyika, kriptokorini kutoka Asia, na anubias, mmea wa majani magumu wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati. Huo wa mwisho niliununua kwa sababu ileile inayonifanya ninunue unga wa muhogo nikiuona dukani. Ni wa kwetu.

Makala haya ni kwa wazazi wenzangu wenye tangi kama hilo, au wanaofikiria kuwa nalo, ambao mimea yao inageuka njano na hawajui waiwekee nini. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Vijiko viwili vya chai

Wiki ya 3 majani yakaanza kuharibika. Mimi nimekulia shambani, na kichwani mwangu hesabu ilikuwa fupi: mmea wa njano una njaa, mwenye njaa apewe chakula. Kabatini kulikuwa na mbolea ya chembechembe za bluu niliyokuwa nikiwekea nyanya za kwenye ndoo barazani wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimetoka zamu, nataka kumaliza jambo moja kabla ya kulala. Nikachota vijiko 2 vya chai, nikakoroga kwenye kikombe, nikamimina ndani ya tangi.

Siku ya kwanza haikutokea kitu. Jioni ya siku ya pili samaki wote walikuwa juu, midomo imebandikwa kwenye uso wa maji, matamvua yakipiga haraka kama kifua cha mtoto mwenye nimonia. Asubuhi ya siku ya tatu, 7 kati ya 10 walikuwa wamekufa. Mwanangu aliwahesabu kabla sijaamka. Akaniuliza, kwa Kiingereza, kama nilikuwa nimewapa dawa mbaya. Nikamjibu ndiyo.

Kazini siwezi kumwekea mgonjwa potasiamu ya mshipa bila kusoma agizo, kukokotoa dozi na kumwita mwenzangu ahakikishe. Nyumbani nilichota kwa kijiko bila hata kusoma kibandiko. Nilipokisoma, baada ya msiba, kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale: sehemu kubwa ya mbolea ile ni naitrojeni, na naitrojeni yenyewe iko katika umbo la urea na amonia.

Shambani umbo hilo halina shida. Chembe za udongo huishika amonia, bakteria huibadilisha polepole, na hakuna kiumbe anayevuta pumzi ndani yake. Ndani ya tangi, samaki anaishi katikati ya dawa. Bakteria huivunja urea kuwa amonia, na katika maji ambayo pH yake imepita 7, kama yalivyo maji yetu, sehemu ya amonia hiyo hubaki katika umbo linalounguza matamvua. Samaki hukosa pumzi akiwa ndani ya maji yenye hewa ya kutosha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mbolea ya shambani, ya nyasi au ya maua ya chungu isiingie ndani ya tangi lenye samaki. Usitie urea, DAP, CAN wala samadi. Mbolea zilizotengenezwa kwa ajili ya matangi hutoa naitrojeni yake hasa kama naitreti, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi, na huitoa kwa kiasi kidogo sana.

Ukishakosea kama mimi, usiongeze dawa juu ya dawa. Badilisha nusu ya maji mara moja, na nusu nyingine kesho yake, usiwalishe samaki siku hizo, na pima amonia mpaka isomeke sifuri. Samaki 3 waliobaki walipona hivyo.

Swali la mama

Jumapili ile tulipompigia mama, sikutaka kuanza na habari za samaki. Mwanangu akaanza nazo. "Bibi, samaki wamekufa. Na mimea ni mgonjwa." Mama akaomba aonyeshwe. Mtoto akaisogeza simu mpaka kwenye kioo. Mama hajawahi kufuga samaki maishani mwake, ila amelima mahindi tangu kabla sijazaliwa. Akatazama kidogo, kisha akauliza: "Yanayougua ni majani ya chini au ya juu?"

Hilo ni swali ambalo mkulima yeyote wa mahindi huko kwetu hujiuliza akiingia shambani. Mahindi yakikosa mbolea ya kukuzia, jani la chini huanza kuwa njano kutoka nchani, na unjano huo hushuka katikati ya jani kufuata mshipa mkuu. Yakikosa ya kupandia, miche huwa na rangi ya zambarau. Yakikosa potasiamu, kingo za majani ya chini huonekana kama zimepitiwa na moto.

Sababu yake ni rahisi, na ni ileile kwa mahindi ya Mbozi na kwa vallisneria ya Don Mills. Baadhi ya virutubisho mmea unaweza kuvihamisha. Vikipungua, unavitoa kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye majani machanga, kama mzazi anayejinyima ili mtoto ale. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ziko kundi hilo, ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani ya chini, yaani ya zamani. Virutubisho vingine, kama madini ya chuma na kalsiamu, vikishakaa kwenye jani havihami. Upungufu wake huonekana kwenye majani mapya, ya juu.

Ili kumjibu bibi yake, mwanangu ilibidi atafute maneno ambayo hakuwa nayo. Kingo. Ncha. Shina. Tundu. Nilikuwa namnong'oneza pembeni, yeye anasema. "Ya chini, bibi. Yana tundu. Kingo ni... imeungua." Mama akasema hiyo siyo njaa ya kukuzia. Alikuwa sahihi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vilikuwa vinatoa naitrojeni ya kutosha. Matundu madogo na kingo za njano kwenye majani ya zamani zilikuwa dalili ya potasiamu kupungua. Nilikuwa nimemmiminia ugali mtu aliyeomba maji.

Ubao mfupi wa pipa

Wanasayansi wa Kijerumani waliliweka jambo hili vizuri karne ya 19. Carl Sprengel alilieleza kwanza, kisha Justus von Liebig akalieneza: ukuaji wa mmea haupimwi kwa jumla ya chakula ulicho nacho, unapimwa kwa kile kilichopungua zaidi. Walimu wa kilimo hulifananisha na pipa lililotengenezwa kwa mbao za urefu tofauti. Maji hayawezi kupanda kupita ubao mfupi kuliko yote, hata ukirefusha hizo nyingine mara kumi.

Ndani ya tangi, kabla ya mbolea kuna mbao 2 za kuangalia. Ya kwanza ni mwanga. Ya pili ni hewa ya ukaa, ambayo mmea huihitaji kwa usanisinuru. Wapo wafugaji wanaoweka mtungi wa gesi hiyo na taa kali, na mimea yao hula mbolea nyingi kila siku. Sisi wengine, wenye taa ya kawaida na bila mtungi, mimea yetu hukua polepole na hula kidogo. Ukimpa chakula cha mwanariadha mtu anayeshinda kitandani, hakitamfanya akimbie. Ndani ya tangi chakula kinacholala huliwa na mwani, ule utando wa kijani au wa kahawia unaovaa vioo na majani.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza haikuwa kununua kitu. Niliifunga taa kwenye swichi ya saa ikae saa 8 kwa siku, badala ya saa 12 au zaidi tulizokuwa tunaiacha ikiwaka kwa sababu sebule inapendeza. Mwani ukapungua kabla sijatia tone la mbolea.

Jambo jingine la kujua mapema: mimea mingi ya dukani imekuzwa shambani majani yakiwa nje ya maji. Ukiizamisha, majani hayo ya zamani huyeyuka na kufa, hasa ya kriptokorini, na mapya yaliyozoea maji huota mahali pake. Hiyo si njaa. Mmea mpya upe wiki 4, kata yaliyooza, na hukumu yako itoe kwa majani yaliyozaliwa ndani ya tangi lako.

Bomba lako tayari lina kitu

Mgonjwa akiletwa wodini, kabla ya kumpa dawa tunamuuliza anatumia dawa gani tayari. Maji ya bomba nayo yaulizwe hivyohivyo.

Maji ya Toronto hutoka Ziwa Ontario. Yana ugumu wa wastani, maana yake kalsiamu na magnesiamu zimo, na kwa kawaida huna haja ya kuziongeza. Tangu mwaka 2014 jiji pia huweka fosfeti kidogo kwenye maji, ili itengeneze utando ndani ya mabomba ya zamani na kuzuia madini ya risasi yasiingie kwenye maji ya kunywa. Ni kinga nzuri kwa watoto wetu, lakini kwa mwenye tangi maana yake ni kwamba kila ukibadilisha maji umeshatia fosforasi kidogo. Chakula cha samaki nacho kina fosforasi. Hivyo mwenye tangi la kawaida Toronto hana sababu kubwa ya kununua chupa ya fosfeti.

Jiji pia hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuua vijidudu. Nyumbani tulizoea kuacha ndoo ya maji usiku kucha ili klorini iruke. Kloramini hairuki hivyo. Ni lazima utumie dawa ya kuondoa klorini ambayo kibandiko chake kinasema wazi kwamba inashughulikia kloramini pia.

Msomaji aliyeko kwingine aulize bomba lake. Maji ya London ni magumu, na katika maji ya namna hiyo madini ya chuma ya bei rahisi hupotea haraka. Tafuta mbolea ambayo chuma chake kimefungwa kwa DTPA, kinachodumu kuliko kile cha EDTA. Maji ya Glasgow ni laini sana, na mmea unaweza kukosa magnesiamu. Hapo chumvi ya Epsom kidogo husaidia. Mamlaka ya maji ya mji wako hutoa taarifa ya ubora wa maji, kama Toronto inavyotoa kila mwaka. Isome kabla ya kwenda dukani.

Ziwa lililogawanywa kwa pazia

Nguvu ya fosforasi kidogo ilionyeshwa katika mkoa huuhuu. Kaskazini-magharibi ya Ontario kuna maziwa madogo yaliyotengwa kwa ajili ya utafiti tangu 1968. Mwaka 1973 kundi la mtafiti David Schindler lililigawa ziwa moja, linaloitwa Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia hivyohivyo na fosforasi juu yake. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani kibichi. Ule mwingine ukabaki maji ya kawaida. Picha yake iliyopigwa kutoka angani ni maarufu sana, na ilisaidia kumaliza ubishi uliokuwepo juu ya chanzo cha uchafu wa Ziwa Erie. Kanada ilikuwa imeanza kupunguza fosfeti kwenye sabuni za kufulia mwaka 1970, na mwaka 1972 ikatia saini na Marekani makubaliano ya kulinda Maziwa Makuu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna picha yetu wenyewe. Gugu maji lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunga ghuba na gati, kuanzia Kisumu mpaka Mwanza na Port Bell, mitumbwi ikashindwa kutoka. Mbegu yake ililetwa kutoka Amerika ya Kusini kama ua la mapambo, lakini chakula chake kilitoka kwetu: udongo uliomomonyoka, mbolea ya mashambani na majitaka ya miji. Wataalamu walileta wadudu aina ya Neochetina wanaolitafuna, na yakasaidia pia mabadiliko ya maji na hali ya hewa, ila chakula kikiwepo ziwani gugu hurudi.

Tangi la sebuleni ni ziwa dogo. Ukilizidishia chakula, halitakupa mimea mizuri zaidi. Litakupa kile kilicho tayari kula haraka kuliko vyote.

Hesabu ya dozi

Sasa mbolea yenyewe. Ziko za aina 2. Ya kwanza ni ya maji, unayoimimina ndani ya tangi. Hiyo inafaa mimea inayokula kwa majani, kama anubias na feni ya Java, ambayo hufungwa kwenye gogo au jiwe. Shina lake nene linalotambaa lisifukiwe kwenye changarawe, litaoza. Ya pili ni vidonge vya kufukia karibu na mizizi. Hivyo vinafaa kriptokorini, vallisneria na mimea mingine yenye mizizi mingi, hasa kama changarawe yako ni mawe matupu. Kidonge kimoja karibu na kila shina kubwa kila baada ya miezi 2 au 3 kinatosha, kwa kufuata kibandiko.

Kabla ya kupima mbolea, pima maji. Tangi letu lina lita 75 kwa jina tu. Nilipolijaza kwa ndoo huku nikihesabu, baada ya changarawe na gogo, ziliingia lita 64. Dozi ipigiwe hesabu kwa maji halisi, kama tunavyompima mtoto uzito kabla ya kumpa dawa.

Kwa mwenye tangi la kawaida nashauri mbolea ya maji iliyochanganywa yote, yenye potasiamu, chuma na madini madogomadogo, uanze na nusu ya dozi ya kibandiko, mara moja kwa wiki. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, siyo kifuniko wala kijiko. Kama unafuga kamba wadogo, usizidishe kabisa; mbolea hizi zina shaba kidogo, ambayo mmea unaihitaji lakini kamba inamuua ikizidi.

Wanaopenda hesabu hununua chumvi kavu. Gramu 1 ya naitreti ya potasiamu katika lita 64 huongeza karibu miligramu 10 za naitreti na 6 za potasiamu kwa kila lita. Usiipime kwa macho. Mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu si ghali. Na chumvi hizo zikae kabati la juu lenye kufuli, zikiwa na jina na tarehe, mbali na mikono ya watoto na mbali na chumvi ya jikoni.

Sasa, nikitia kila wiki, je, haitajilimbikiza? Itajilimbikiza mpaka mahali fulani, kisha itasimama. Tuseme kila wiki unaongeza miligramu 10 na unabadilisha nusu ya maji. Hata kama mimea haitakula hata chembe, kiasi hakitapita miligramu 20. Ukibadilisha theluthi moja, kikomo ni 30. Ukibadilisha robo, ni 40. Kanuni ni kugawa dozi kwa sehemu ya maji unayobadilisha. Wauguzi wenzangu wanaitambua. Ndivyo dawa inayomezwa kila siku inavyofikia kiwango chake kwenye damu, kwa sababu kila siku mwili nao unaitoa. Ndani ya tangi, figo ni wewe na ndoo yako. Mtu anayetia mbolea bila kubadilisha maji hana kikomo.

Kusoma jani

Baada ya wiki 3 au 4 za dozi ileile, tazama majani yaliyoota katika kipindi hicho, kisha ya zamani:

- Majani ya zamani yanakuwa njano jani zima na kudondoka, na kipimo cha naitreti kinasoma karibu sifuri: naitrojeni imepungua. Hutokea kwenye tangi lenye mimea mingi na samaki wachache.
- Majani ya zamani yana matundu madogo na kingo za njano au kahawia: potasiamu. Hii ni ya kawaida, kwa sababu chakula cha samaki kina potasiamu kidogo.
- Majani mapya yanatoka yamepauka, mishipa yake ikibaki kijani: chuma. Namwambia mwanangu hao wana upungufu wa damu.
- Majani mapya yanatoka yamejikunja na madogo, na maji yako ni laini: tazama kalsiamu.
- Majani ni ya kijani lakini yamefunikwa na mwani: punguza mwanga kwanza, kisha chakula cha samaki, kisha mbolea.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na subiri wiki 2 au 3 kabla ya jingine. Jani lililokwisha kuharibika halitapona; usilitazame hilo. Likate, na tazama linalofuata. Sisi tuna daftari karibu na tangi. Mwanangu anaandika tarehe, dozi, maji tuliyotoa, na rangi ya jani jipya. Mimi nahakikisha, yeye anatia. Haruhusiwi kutia peke yake, na mimi pia siruhusiwi. Hilo la pili alilitaka yeye, na nimelikubali.

Maji ya kutoa na matawi ya kukata

Jumamosi asubuhi ndiyo siku yetu. Tunatoa theluthi moja ya maji kwa mpira, tunajaza mapya yenye joto lilelile yaliyotiwa dawa ya kloramini, kisha tunatia mbolea ya wiki. Kazi nzima ni nusu saa.

Mimea ikishiba, itabidi uikate. Vilivyokatwa usivitupe Mto Don, wala kwenye bwawa la bustani, wala chooni. Ontario ina sheria ya viumbe vamizi tangu 2015, na sisi tunaotoka nchi za Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa ua la mapambo linaweza kufanya nini likipata maji ya wazi. Vitie kwenye mfuko, vigandishe kwenye friza siku chache, kisha vitupe na takataka. Konokono na samaki usiowataka rudisha dukani au mpe jirani.

Maji yaliyotoka kwenye tangi ni mali. Yana naitreti kidogo na yamepoa vizuri. Kiangazi tunayamwagia nyanya na mchicha wa kwenye ndoo barazani, na ile mbolea ya bluu haijanunuliwa tena.

Samaki sasa ni 8. Vallisneria imefika juu na kulala kwenye uso wa maji, na anubias inatoa jani jipya kila baada ya wiki kadhaa, kwa mwendo wake. Jumapili iliyopita simu ilipoita mwanangu aliichukua mkononi mwangu kabla sijamaliza kusalimia. Mvua za Mbozi zilikuwa zimechelewa, na bibi yake alikuwa anamweleza kwa nini hajaweka mbolea ya kukuzia bado: udongo mkavu hauli. Mtoto alisikiliza, kisha akamuuliza kama mahindi ni ya njano. Mama akasema kidogo.

"Ya chini au ya juu, bibi?"